Kunata Siyo Kushika

Hapa Karatu kila mtu anajua kupima tepu. Muuzaji anakukatia kipande, unakibonyeza kwa kidole gumba, halafu unaachia. Kidole kikikawia kuachana nacho unasema, "Hii inanata," na biashara imekwisha. Nimemwona fundi viatu akifanya hivyo, nimemwona mama anayefunga maboksi ya vitunguu akifanya hivyo, na nimemwona mtu mzima mwenye kampuni ya kupeleka watalii kreta akifanya hivyohivyo, kisha akaweka maisha ya watu juu ya kidole chake. Na wale wawili wa kwanza sina ugomvi.

Nilisoma kemia chuo kikuu. Baada ya kumaliza nilikaa nyumbani kwa muda ambao wazazi wangu waliuita mapumziko mpaka neno lenyewe likachakaa, ndipo nikapata kibarua kwenye hiyo kampuni. Kazi yangu haikuwa na jina. Nilikagua mahema, mitungi ya gesi, maboksi ya barafu, na chochote ambacho mwenye kampuni aliona kinahitaji mtu aliyesoma. Sote tulimwita bosi. Yeye aliniita msomi, kwa sauti ile ya kumwita mbuzi aliyekataa kuingia zizini.

Nakubali kwamba nafikiri kupita kiasi. Mtu akinijibu "sawa" kwenye simu bila neno lingine, nashinda siku nzima nikitafuta nilipomkosea. Nikifunga mlango narudi kuujaribu, na nikirudi naanza kujiuliza kama kule kuujaribu ndiko kulikoufungua. Kwa hiyo ninaposema kwamba safari hii sikuwa nimezidisha, naomba niaminiwe.

Siku moja bosi alirudi kutoka Arusha na maboksi ya tepu ya riflekta, ile inayong'aa gari likiimulika. Wazo lilikuwa zuri na sitalinyima haki yake. Juu kwenye ukingo wa kreta ukungu wa asubuhi ni mzito kiasi kwamba dereva anaona boneti ya gari lake na kidogo zaidi. Katika ukungu huohuo wanawake wa vijiji vya hifadhini wanaswaga punda kwenda kuchota maji, nao wanapita barabara ileile wanayopita watalii. Punda walishagongwa. Bosi alitaka kila dumu la maji linalobebwa na punda libandikwe riflekta, ili madereva waone.

Dada yangu mkubwa ni mmoja wa wanawake hao. Sisi ni watu wa Karatu, yeye aliolewa huko juu kwa Wamasai. Mume wake akihamisha ng'ombe kuelekea malisho ya Kakesio, dada anabaki na watoto, ndama na punda wawili, na kila asubuhi yuko barabarani. Ndiye aliyenibeba mgongoni mama alipokuwa shambani. Tangu aolewe, ukungu ukishuka mpaka huku mjini naamka nikiwaza ile kona iliyo karibu na kwao.

Bosi alikata kipande cha tepu, akakibandika kwenye kioo cha dirisha la ofisi na kukibonyeza kwa kidole gumba. Akavuta kidogo. Hakikutoka.

"Inanata," alisema. "Msomi, na wewe ijaribu, halafu tupange siku."

Mimi nikaenda kuijaribu kweli, na nadhani hilo ndilo kosa langu machoni pake.

Stoo nyuma ya ofisi nilibandika vipande kwenye kioo, kwenye bati lililopakwa rangi, na kwenye madumu ya njano, yale ya mafuta ya kula ambayo yakiisha mafuta ndiyo hugeuka vyombo vya maji nchi nzima. Kwa mwenye bucha niliazima mizani ya kuning'iniza nyama, nikawa napachika ndoano yake mwisho wa tepu na kuvuta taratibu huku nikisoma tepu inabanduka kwa uzito gani. Vipande vingine nilivining'inizia pakiti ya chumvi nikaviacha hivyo, kwa sababu mzigo mdogo usioondoka una namna yake ya kuisema gundi. Dumu moja nililiweka kwenye friji ya vinywaji vya wageni, nipate baridi ya kule juu. Bosi alipofungua friji kutafuta soda akakutana nalo, alilisogeza pembeni, akachukua soda yake.

Kwenye kioo tepu ilikuwa hodari. Kwenye bati pia. Kwenye dumu ilinata vizuri sana mwanzoni, kidole chochote kingeisifu, halafu pakiti ya chumvi ikaanza kuiteremsha polepole mpaka ikawa sakafuni. Kwenye dumu la baridi lenye umande haikufika hata mbali. Nililiosha dumu kwa sabuni, nikarudia. Iliteremka tena, ila kwa adabu zaidi.

Sababu yake si ya kushangaza. Plastiki ya dumu ni ya aina isiyopenda kushikwa. Ukiimwagia maji hayatandai, yanajikusanya vitone vitone na kukimbia, na gundi nayo hukimbia vivyo hivyo, ila polepole kiasi kwamba kidole gumba hakiwezi kujua.

Nilimpelekea bosi habari hizo nikiwa nimezifanyia mazoezi njiani, pamoja na majibu ya maswali ambayo hakuuliza.

"Kwani hainati?" aliuliza.

"Kunata inanata, bosi. Lakini haitashika."

"Si kitu kilekile?"

"Hapana. Ugali unanata mkononi, bosi, lakini huwezi kutundika koti ukutani kwa ugali."

Alicheka mpaka akaegemea kiti. Akamwita dereva aliyekuwa uani. "Njoo umsikie msomi. Chuo kikuu kimemfundisha ugali."

Dereva ni mtu wa Kilimanjaro, mpole, amepanda na kushuka ile barabara miaka mingi. Alicheka kidogo kwa heshima ya bosi, kisha akaniuliza, "Sasa dogo, ikianguka inaangukia wapi?"

Nilimwambia sijui. Lilikuwa swali la maana kuliko yote yaliyoulizwa siku ile, na hakuna aliyelijibu.

Siku ilipofika tulipanda na wageni mpaka kijijini kwa dada. Kulikuwa na bango, na mashuka mekundu yaliyopangwa mstari kwa ajili ya picha, na madumu mengine bado yalikuwa na utelezi wa mafuta ambao ungeuona hata kwa macho. Niliomba maji ya sabuni tuyaoshe kwanza. Bosi akaniambia kwa sauti ya chini, "Wageni wanasubiri, usituharibie." Mgeni mmoja akabandika, akabonyeza kwa kidole gumba, akageukia kamera. Wanawake wakabonyeza nao, kwa adabu. Dada alipofikiwa na zamu yake alisimama wima karibu na punda.

"Leo mmewavalisha sare," aliniambia kwa Kiiraqw, lugha ya kwetu nyumbani, wengine wasielewe. "Bado tu kuwapeleka shule."

"Dada, usizitegemee hizo."

"Umekuja na watu hawa wote kunipa kitu, halafu unaniambia nisikitegemee?"

Tulirudi mjini na picha zikatumwa mahali zinapotumwa picha.

Haukupita muda dada akapiga simu. Huko kwao mtandao unapatikana ukipanda kilima, kwa hiyo akipiga unajua amekusudia.

"Tepu zenu zimeanguka," alisema. "Moja nimeitoa mdomoni mwa ndama. Unajua ndama akimeza plastiki mwisho wake nini?"

"Pole, dada."

"Pole yako haitoi plastiki tumboni. Nyingine nimezitundika kwenye mwiba pale barabarani zisiliwe."

Watu wa huko ndivyo wanavyofanya. Mfuko wa plastiki au kamba ya nailoni ikionekana chini, mtu haiachi wala haichomi, anaichomeka juu ya kichaka cha miiba ambako mdomo wa ndama haufiki. Ni tabia ya watu wanaojua ng'ombe anavyokufa. Nimeiona tangu nilipoanza kumtembelea dada, vichaka vyenye vitambaa kama vimeanika nguo. Siku ile sikuisikia kama jambo jipya. Nilisikia tu kwamba tepu zimeanguka kama nilivyosema zitaanguka, nikakata simu, nikaenda moja kwa moja kwa bosi.

"Waambie wabandike upya," alisema. "Si wanazo?"

"Ziko kwenye miti, bosi."

"Basi wazitoe kwenye miti."

Asubuhi chache baadaye mimi na dereva tulikuwa tunapeleka vyakula kambini. Tulipopita geti la hifadhi na kuanza kupanda, ukungu ukatupokea, mweupe, mzito, unaolowesha vioo kwa nje na kwa ndani. Dereva alikwenda mwendo wa kutembea, amesogea mbele mpaka kidevu kinakaribia usukani. Tulikuwa tumefika karibu na kona ya kwa dada, nami nimeanza kuwaza kama kawaida yangu, mara taa zetu zikagonga kitu kinachong'aa upande wa kushoto. Vipande viwili vitatu, kwenye kimo cha mzigo wa punda, vikitikisika taratibu.

"Hao hapo," dereva alisema. "Kumbe zinasaidia." Akavuta usukani kulia ili awapishe.

Na kulia ndiko alikokuwa dada yangu.

Alitokea mbele yetu ghafla, shuka, fimbo, masikio ya punda, wote rangi ya ukungu. Dereva alikanyaga breki kwa miguu yote miwili. Gari likateleza kwenye matope, nikasikia mshindo mzito, na maji yakaruka juu ya kioo cha mbele. Nilifikiri ni damu. Najua damu si nyeupe, lakini hivyo ndivyo nilivyofikiri.

Nilishuka kabla gari halijasimama vizuri. Bampa lilikuwa limepiga dumu ubavuni mwa punda, dumu limepasuka, punda ameruka mtaroni na mwenzake. Dada alikuwa amekaa kwenye nyasi, matope mpaka kifuani, fimbo bado mkononi. Alijinyanyua mwenyewe. Aliangalia miguu ya punda kwanza, mmoja baada ya mwingine, halafu ndipo akatuangalia sisi. Kuniona mimi hakukumpunguzia kitu.

"Mnatafuta nini upande wangu?" alimuuliza dereva.

"Mama, nisamehe. Nimeona riflekta upande ule."

"Riflekta ni zangu," dada alisema. "Mimi niko huku."

Dereva aligeuka kutazama. Taa za gari zilikuwa bado zinakimulika kile kichaka ng'ambo ya barabara, na tepu zilikuwa zinang'aa juu ya miiba yake, safi, zimeshika imara kabisa. Ndilo jambo linalonichoma mpaka leo. Mwiba umechoma tepu ukaishika, kazi ambayo gundi yake ilishindwa. Laiti tusingebandika kitu chochote, dereva angebaki upande wake, na kwa mwendo ule angepita salama. Tulikwenda na bango na kamera, tukawawekea watu alama ya uongo barabarani.

Dereva alikaa kwenye ngazi ya gari, mikono magotini. "Ningemuua mtu kwa kumkwepa," alisema. Tulishusha vyakula kambini, tukageuza.

Tulipofika ofisini alimweleza bosi kila kitu bila kujitetea. Bosi alisikiliza, akauliza kama gari limeumia, kisha akafikiri.

"Ngoja," alisema. "Uliiona tepu kwa mbali?"

"Niliiona."

"Kwenye ukungu mzito?"

"Ndiyo, bosi."

"Basi tepu ni nzuri. Tatizo ni wale kuitundika porini."

Nilikuwa na mambo mengi ya kusema. Nilitaka kusema kwamba mwenye ng'ombe anayeinua plastiki isiliwe hana kosa, mwenye kosa ni aliyeidondosha. Nilitaka kusema kwamba tepu iliyojaribiwa kwenye kioo kikavu cha ofisi yenye zulia haijajaribiwa kwa ajili ya dada yangu, imejaribiwa kwa ajili ya dirisha. Nilisema yote hayo, kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Dereva alinitazama kama mtu aliyeona kiti kikitembea.

Bosi hakukasirika, na hilo lilinikera zaidi. "Msomi, wewe una uchungu kwa sababu ni dada yako," alisema.

"Na kama si dada yangu?"

"Tutaliangalia msimu ukiisha."

Kwenye kemia kuna jambo nililolijua tangu mwanzo, na nilikuwa nimemwambia bosi siku ile ya ugali akiwa bado anacheka. Ile plastiki inaweza kufundishwa kushikwa. Unapitisha moto wa bluu juu yake, haraka, kama mtu anayefuta vumbi kwa kiganja, na uso wake unabadilika kwa namna ambayo jicho halioni. Namna ya kujua ni kumwaga maji: yakitandaa badala ya kukimbia kwa vitone, gundi nayo itatandaa. Niliazima tochi ya gesi kwa fundi friji, ile anayounganishia mabomba ya shaba, nikaharibu madumu kadhaa stoo mpaka nikaujua mwendo wa mkono. Ukichelewa plastiki inakunja uso. Ukiwahi mno hujafanya kitu.

Siku ya mapumziko dereva alinipandisha kwa dada, hakuambiwa na mtu. Nilijaza maji dumu ili lisijikunje, nikaliosha kwa majivu na sabuni, nikalikausha, nikawasha tochi. Wanawake wa jirani walikuja kutazama.

"Shemeji," mmoja alisema, "ukilitoboa utatuchotea kwa mdomo wako."

"Mwacheni," alisema mwingine. "Huko kwao Karatu maji yanachemshwa na dumu lake."

Nilipitisha moto. Nikamwaga maji, yakatandaa, uso wote ukalowa kwa pamoja kama jiwe la mtoni. Nikakausha tena, nikabandika tepu kwa kuikandamiza na gunzi la hindi kutoka katikati kwenda pembeni, nisiache hewa. Kisha nikaanza kueleza kwamba inafaa iachwe, kwamba gundi huendelea kujishikiza taratibu, kwamba kesho nitaivuta kwa mizani ya bucha, na kwamba ingefaa tulinganishe na dumu lisilopitishwa moto, kwa sababu bila kulinganisha hatuwezi kusema.

"Iache mpaka lini?" dada aliuliza.

"Mpaka kesho walau."

Alisubiri mpaka kesho yake, nami nikalala kwake. Asubuhi alilibeba lile dumu pamoja na lingine ambalo nililibandika bila moto, akaviloweka vipande vyote viwili kwa maji ya chumvi ya ng'ombe, akamfungua ndama. Ndama akalamba. Ulimi wa ndama ni kama msasa. Kwenye dumu lisilochomwa alilamba kidogo tu tepu ikainuka, akaikamata, na dada akaichomoa kwa kidole. Kwenye lile jingine alilamba, akatafuta pembe kwa meno, akavuta, akachoka, akaenda kwa mama yake.

"Haya," dada alisema. "Hii imeshika."

Sikumwambia kwamba hicho si kipimo kinachotambulika. Nilikuwa na mizani mkobani na sikuitoa.

Ukungu ulikuwa bado haujainuka. Dereva, ambaye alikuwa amekuja kunichukua, aliegesha gari pembeni mwa kona akiwa amewasha taa, dada akapakia lile dumu lililoshinda ulimi na jingine nililolipitisha moto na kulibandika jana yake, na kuondoka na punda wake kwa njia ya nyuma, ili aje kuelekea kwetu. Nilikaa ndani ya gari nikitazama ukuta mweupe. Nikawaza kwamba labda baridi imeshaiinua tepu. Nikawaza kwamba labda nimeichoma kupita kiasi, au nimembandikia upande usiotazama gari. Kile kichaka nilikwisha kukisafisha kwa mkono, miiba ikanichana, lakini nikawaza kwamba labda nimesahau kipande kimoja.

"Dogo, pumua," dereva alisema.

Kisha zikatokea, chini kidogo ya nilipokuwa natazama, alama mbili ndogo za mwanga zikipanda na kushuka kwa mwendo wa punda. Zilikuwa mbali. Dereva alizihesabia muda moyoni mpaka dada alipofika. Nilijua kwa namna alivyokuwa anatikisa kichwa, anapima breki. Muda ulikuwa wa kutosha kusimama na kubaki na wa ziada.

Dada aligonga dirisha kwa fimbo. "Mmeniona?"

"Tumekuona, dada."

"Tangu wapi?"

"Mbali."

Alikubali kwa kichwa, akaanza kuondoka, halafu akasimama. Nyuma yake kulikuwa na kwato. Majirani walikuwa wanakuja na punda wao, madumu yao matupu yasiyo na tepu, na mimi nikiwa nimekodoa macho na taa zimewaka sikuwaona mpaka punda wa mbele alipokaribia kugusa bampa kwa pua.

"Na hawa?" dada aliuliza.

Maboksi ya tepu yalikuwa bado stoo, chini ya mahema, yakisubiri msimu uishe. Nilishuka nikafungua nyuma ya gari kutafuta tochi ya gesi na tepu iliyobaki.